Mwaka Niliokaa Kimya

Mama Paskalina tulimzika mwanzoni mwa mwezi huu, kijijini kwake upande wa Ziwani. Mungu hakumjalia mtoto wa kumzaa, kwa hiyo baada ya maziko wanawake wa jumuiya walinisukuma mlangoni wakisema, "Ingia wewe, Skola. Binti wa nyumba ni wewe." Nikaingia peke yangu kukunja kanga zake. Chumba kilikuwa kilekile: kuta za udongo zilizopakwa chokaa, kitanda cha kamba, rozari kwenye msumari, na ule ukuta wa kati usiofika juu, unaoacha maneno ya chumba kimoja yamwagikie chumba cha pili. Niliketi kitandani, kanga mapajani, na baada ya muda nikagundua kwamba sikunji chochote. Nilikuwa nimetega sikio, mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, nikisubiri sauti zianze upande wa pili. Hakuna aliyebaki wa kusema. Mumewe, Mwalimu Bernadi, alitangulia siku nyingi. Lakini ningetoa chochote nilicho nacho nisikie tena hata yale maneno yaliyonichoma, mradi yatoke katika vinywa vile viwili.

Nilikaa katika nyumba ile mwaka mmoja tu. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka kuwa sista. Bernadi alikuwa katekista wa kigango, ndiyo maana watu wote walimwita Mwalimu, na makubaliano yalikuwa nikae kwake mwaka mzima, nisaidie kazi, nijifunze dini, kisha aandike barua ya kunithibitisha kwa masista. Wakristo tulikuwa kaya chache katikati ya majirani Waislamu, na kengele ya kanisa letu la udongo ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti. Niliamka kwa adhana, nikawasha moto, nikachota maji, nikafagia uwanja. Mama Paskalina alikuwa na mkono wa kisamvu ambao sijauona kwa mtu mwingine. Alikitwanga mpaka kikawa laini, akakiacha jikoni tangu asubuhi kichemke taratibu, na tui la nazi alilitia mwishoni kabisa, akikoroga huku akiimba kwa Kimakonde. Tulikula ukumbini juu ya mkeka, ugali wa muhogo katikati, Mwalimu akimmegea kila mmoja wetu samaki na kujiachia kichwa. Leo, huku Likombe mjini Mtwara, napika kwa jiko la gesi, kisamvu nanunua sokoni kikiwa kimeshatwangwa, na kila nikionja naweka kijiko chini. Si kwamba ni kibaya. Ni kwamba hakuna anayeimba.

Jirani yetu upande wa bondeni alikuwa Joakimu, mgane aliyevuka Ruvuma, mto wa mpaka wa nchi, miaka mingi nyuma akiwa amembeba binti yake mgongoni. Watu waliotoka ng'ambo ile waliitwa Wamavia, na jina hilo lilisemwa kwa namna ya kumkumbusha mtu kwamba kwao si hapa. Joakimu alilima muhogo na kurina asali. Ukimkuta njiani, mara nyingi alikuwa na kienge chake cha majani makavu, kile anachowasha kuwafukiza nyuki. Kanisani alikaa benchi la nyuma, na Mwalimu akimtaja alimwita nang'olo, kama Wamakonde wanavyomwita mzee wanayemheshimu. Yule binti aliyekuja mgongoni alikuwa Luzia. Tulikuwa umri mmoja. Alikuwa akilitaja jina langu huku akivuta silabi ya mwisho, Skolaaa, toka kule bondeni mpaka lifike jikoni kwetu kabla yake. Kila jambo tulilifanya wawili: kisima, kuni, kufua, kumenya muhogo. Nimeolewa, nimefiwa na mume, nimelea watoto wanne na wote nawapenda. Lakini mtu ambaye nilikaa naye bila kutafuta la kusema nimempata mara moja tu maishani, na mtu huyo ni Luzia.

Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kimeshika, nyasi chini ya mikorosho zimekauka hadi zinalia ukizikanyaga. Mama Paskalina alikuwa na chungu cha korosho ghafi alizoziweka kwa ajili ya mbegu. Siku moja alasiri, yeye akiwa kwa jirani, nilichota konzi kadhaa. Niliiba, hilo nilitaje kwa jina lake. Nilitaka kumpa Luzia kitu kitamu wakati ambao hakuna aliyekuwa nacho. Ili harufu isinisaliti nilikwenda mbali na nyumba, porini mpakani mwa shamba la Mzee Salumu, nikaweka kipande cha debe juu ya mawe matatu na kuzikaanga. Anayejua korosho anajua jinsi mafuta ya ganda yanavyolipuka. Moto ulipanda mpaka kifuani kwangu. Nilipokuwa nazipasua nikasikia kutoka kisimani, "Skolaaa!" Nikapiga mchanga juu ya makaa kwa mguu, mara mbili, tatu, nikafunga korosho kwenye ncha ya kanga, nikakimbia. Tulizila kisimani zikiwa bado za moto. Luzia alifumba macho akitafuna.

"Umezitoa wapi msimu huu?"

"Kwa malaika," nikasema, na tukacheka mpaka ndoo yake ikapinduka.

Hatujaijaza tena ndoo ile, tukaona moshi. Upepo ulikuwa umeyafukua makaa yangu. Shamba la Mzee Salumu, mikorosho iliyopandwa na baba yake, liliteketea lote kabla ya jua kuzama, na mkewe Bi Somoe, aliyekimbilia ndani kuwafungua mbuzi, alianguka humo. Walimtoa hai. Miguu yake iliungua toka nyayo hadi magotini.

Siku ya tatu watu walikusanyika katika darasa la shule. Mtu mmoja alisema kwamba asubuhi ya siku ile alimwona Joakimu akipita upande ule na kienge. Basi, hakuna aliyetafuta zaidi. Wakamsimamisha.

"Ulikuwa na moto siku ile?" Mzee Salumu akamwuliza.

"Nilikuwa nao. Nikauzima."

"Apa, basi."

"Mzee mwenzangu, kama neno langu hulitaki, kiapo changu utakifanyia nini?"

"Wamavia hawa," mtu akasema nyuma yangu, na vicheko vidogo vikapita. Luzia alikuwa ameketi kando yangu kwenye dawati, bega kwa bega. Alinigeukia akanitazama, muda mrefu. Nilidhani anataka kufarijiwa. Nikamshika mkono. Nilikuwa na neno mdomoni, zito kama jiwe, na nilijua nikilitema itakuwa mwisho wa barua ya Mwalimu, mwisho wa masista, mwisho wa kuitwa binti mwema. Nikalimeza. Baraza halikuamua chochote, wala hakuna aliyemfukuza Joakimu kwa maandishi. Watu waliacha tu kumwitikia salamu. Wanawake waliondoka kisimani Luzia akifika. Mtu aling'oa muhogo wake ukiwa mchanga, akautupa njiani. Mwezi wa tisa ulipoisha baba na binti walifunga vyombo vyao kwenye mkeka, wakaenda kuishi karibu na mdomo wa Ruvuma, ambako watu wengi ni wa asili yao. Luzia alinikumbatia, akamfuata baba yake. Nilisimama njiani hadi vumbi likatulia, kisha nikarudi kumenya muhogo peke yangu, na sauti ya kisu ikawa kubwa mno.

Mama Paskalina ndiye aliyenituma kumhudumia Bi Somoe. Kila asubuhi nilikwenda na maji yaliyochemshwa, nikabandua kitambaa, nikaosha, nikapaka asali, nikafunga. Naikumbuka harufu ya chumba kile, udi na usaha pamoja. Bi Somoe aliuma kona ya mto asipige kelele. Nikimaliza husema, "Mungu akulipe, mwanangu," halafu huongeza, "Yote ni ya Mwenyezi Mungu. Ameandika." Nami nililidaka neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. Ameandika! Kumbe ni Yeye. Jioni nikisali niliisema kwa bidii ile sehemu tunayomwomba Baba mapenzi yake yatimizwe, na kwa kweli nilikuwa najificha nyuma yake, kama mtoto anayevunja chungu kisha akajibanza nyuma ya mama. Nilisali zaidi mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote. Mwalimu alinisifu mbele ya watu kwa ajili ya sala zangu na kwa ajili ya miguu ya Bi Somoe, na kila sifa ilinikata.

Mvua zilianza. Alasiri moja ya mwezi wa kwanza nililala chumbani kwangu, manyunyu juu ya makuti, nikidhani wazee wamelala upande wa pili. Sauti ya Mama Paskalina ikaja juu ya ukuta.

"Baba, juzi nilikuwa natafuta kuni mpakani kwa Salumu. Nimeona mafiga na debe. Lile letu, lenye tundu nililolitoboa mimi."

Nikamsikia Mwalimu akijigeuza kitandani.

"Na mbegu zilipungua," Mama akasema.

"Najua zilipungua."

"Basi mwite umwulize."

"Nikimwuliza atajibu kwa kuniogopa mimi. Mwache aseme mwenyewe."

"Na Joakimu? Yeye aachwe na doa hili mpaka lini?"

Hapo nikasikia kitanda kikilia, kama mtu ameketi ghafla. "Kwaresima," Mwalimu akasema kwa sauti iliyochoka. "Nampa mpaka Kwaresima ianze. Asiposema nitasema mimi, na nitaungama kwamba nilingoja. Mungu anihurumie nikikosea."

Nililala pale macho wazi, mkono mdomoni. Walijua. Na jioni ile ile Mama alinipakulia chakula kama kawaida, na Mwalimu akanimegea samaki, kipande cha mgongo, kilicho kizuri. Nilitafuna bila kuhisi ladha. Siku zikapita, wiki zikapita, nami bado sikusema. Watu wakisikia kisa hiki huniuliza hapo tu: ulikuwa umeshajulikana, ulingoja nini? Nilingoja nisiwe mkosaji. Nilidhani nikiosha miguu ile mara nyingi vya kutosha, siku moja nitaamka na jambo litakuwa limeisha lenyewe, bila mtu kulitaja. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba wengi wetu tunangoja hivyo, wengine mpaka kaburini.

Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, Mwalimu aliniandika msalaba kwenye paji la uso kama alivyowaandika wengine. Nilitoka kanisani na majivu yangu nikaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe. Nilikuwa nimeshika mguu wake wa kushoto, nimeuosha, sijaufunga, nikasema, "Bibi, moto ule ni wangu. Nilikuwa nakaanga korosho za wizi. Nang'olo Joakimu hakufanya kitu."

Aliuvuta mguu. Alinitazama, na mimi nikatazama sakafu.

"Funga kitambaa kwanza," akasema.

Nikafunga. Nikakaza fundo.

"Miezi hii yote nimemlaani yule bwana. Kila swala. Nimemwombea mtu asiye na kosa afe." Akaanza kulia, yeye ambaye hakuwahi kulia kwa vidonda. "Miguu ni miguu tu, Skola. Lakini umenitia dhambini na mimi, nami nikikushukuru kila asubuhi."

Hakuna adhabu iliyonipata baadaye iliyolizidi neno lile. Mpaka siku ile nilifikiri dhambi yangu ni mali yangu, nimeificha chini ya mto wangu, inaniumiza mimi. Kumbe ilikuwa imetoka na kutembea kijiji kizima, imekaa kwenye mswala wa mwanamke mwema. Mzee Salumu alipoambiwa aliniita majina ambayo nilistahili, kisha akaondoka na fimbo yake kwenda kuwakusanya watu. Nilisimama katika darasa lile lile nikasema. Baada yangu Mwalimu akasimama, bila kuitwa, akasema kwamba yeye naye alijua kwa wiki kadhaa akanyamaza, na kwamba aliyaweka malezi ya mtoto mmoja juu ya haki ya mzee mwenzake. Sikuwahi kumwona mtu mzima akijishusha hivyo mbele ya watu. Mtu mmoja akatema mate dirishani. Mzee Salumu akasema, "Basi nendeni mkamlete. Mwambieni mimi Salumu ndiye niliyesema arudi."

Tulikwenda kwa baiskeli ya Mwalimu, mimi nimeketi kwenye keria. Tulipita Madimba, ambako leo kuna mitambo ya gesi. Wakati ule ilikuwa mikorosho na nyumba za nyasi. Njia ilikuwa tope, mara nyingi tulishuka tukasukuma. Katika kusukuma huko nilimwuliza lililokuwa likinisumbua.

"Mwalimu, Bi Somoe husema Mungu ameandika. Je, aliandika nichome shamba?"

"Wewe unaonaje?"

"Sijui."

"Mungu hakukutuma kuiba wala kukaa kimya. Hayo yako, yabebe. Ila hata maumivu uliyoyaleta, Yeye anaweza kuyashika akayafanyia kazi." Alisukuma baiskeli hatua kadhaa. "Kumtii Mungu, mwanangu, watu hudhani ni kuinamisha kichwa baya likija. Hilo ni rahisi. Kazi ni kuinamisha kichwa Yeye akikwambia, Simama useme."

Tulifika jua likiwa la mchana. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu yametambaa hadi kwenye mashina ya mikoko, na kibanda cha Joakimu kilikuwa juu kidogo ya matope. Alikuwa anasuka mgono wa kuvulia samaki. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe. Nilipiga magoti kwenye tope nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima, akaniinua kabla sijafika katikati.

"Najua," akasema. "Luzia aliniambia siku ile ile ya moto. Alikuja na vidole vyeusi, akaniambia, Baba, nimekula korosho za moto kwa Skola."

Kumbe Luzia alijua tangu pale kwenye dawati, bega lake likigusa langu. Alikuwa akinitazama ili nisimame.

"Alitaka kusema pale barazani," Joakimu akaendelea. "Nikamkataza. Nilimwambia, neno hili lina mwenyewe. Tukimnyang'anya nafasi ya kulisema, atabaki nalo moyoni maisha yote. Tumwachie, atakuja." Akatazama njia tuliyotoka. "Alikuamini. Kila siku alikwenda pale kwenye njia panda kuangalia."

"Yuko wapi?" nikauliza. "Nang'olo, yuko wapi Luzia?"

"Shangazi yake alikuja kumchukua, wamevuka. Wiki mbili zimepita leo. Alichoka kungoja, mwanangu. Si mimi niliyemwambia aende."

Wiki mbili. Kama ningesema alasiri ile ya manyunyu, ningemkuta. Nilikaa chini pale pale, nikalia kwa sauti mbaya isiyo na aibu, na Mwalimu akaacha nilie. Nilitaka Joakimu anipige. Nilitaka Mungu anipige, nimalizane Naye. Badala yake yule mzee aliingia kibandani akatoka na ugali wa muhogo na kambale wa kuchemsha katika bakuli moja, akamnawisha Mwalimu mikono, akaja akamimina maji kwenye mikono yangu, yeye aliye mkubwa kwangu na niliyemfukuza kwake. Nikasema sistahili kula. Akasema, "Hakuna aliyekuuliza kama unastahili. Nimesema karibu." Nikamega tonge. Lilikuwa na chumvi ya machozi na ya samaki, na lilishuka kwa shida, lakini lilishuka. Nimepokea komunyo maelfu ya mara tangu siku ile, na kila mara kooni linapita tonge lile.

Joakimu alirudi kijijini baada ya mavuno. Mzee Salumu alimpa mkono mbele ya watu, na Bi Somoe, akitembea kwa magongo mawili, alimpelekea mkate wa kumimina mkubwa na kumwomba msamaha kwa kila dua aliyoiomba dhidi yake. Mikorosho ilipandwa upya. Mimi nilichimba mashimo, na mengine aliyachimba Joakimu, ingawa nilimkataza. Mwalimu alikuwa tayari kuandika barua ya masista. Mimi ndiye niliyesema hapana. Niliona kwamba nilikuwa nimewataka masista kama nilivyolitaka pori la mpakani, mahali ambapo harufu yangu isingefika kwa mtu. Nikaomba kazi ya kufunga vidonda zahanati, na kazi hiyo nimeifanya hadi nilipostaafu. Joakimu alipokufa nilimwosha na kumvika mimi, nikasimama kaburini mahali pa mtoto, kwa sababu tulituma habari ng'ambo mara tatu na hakuna jibu lililorudi.

Nilimtafuta Luzia. Nimewauliza wafanyabiashara wanaovuka na vitenge na mchele, nimeuliza mapadri, nimekwenda mwenyewe mpaka ukingoni na kurudi. Vita vya upande ule vilitawanya watu, na jina Luzia huko wanalo wengi. Hata leo sokoni Mtwara nikisikia mwanamke akisema Kiswahili kile cha ng'ambo, nageuka, ingawa anayesema ana miaka ishirini. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba kama Mungu amenisamehe kweli, atanirudishia. Hakunirudishia. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba msamaha nimeupata siku ile kwenye tope, wote, bila kubakizwa, na kwamba kumkosa Luzia si deni alilonidai Mungu. Ni tunda la kimya changu, na Yeye hakuliondoa. Ameketi nami chini ya mti uliolizaa. Naikubali hali hiyo. Siku nyingine naikubali asubuhi na mchana naikataa, na jioni naanza upya.

Zamani niliomba arudi. Baadaye niliomba tuonane mara moja tu, hata njiani. Sasa nimezeeka na ombi langu limekuwa dogo: awe hai, awe na wajukuu wanaomchosha kwa maswali, na siku akiwahadithia habari za huku kwetu, hata kama ni kwa ubaya, asiliruke jina langu.